Namba Moja Isiyo na Mwenyewe

Jumatatu ile Bi Namba alifika kazini akakuta meza ya pili imeingizwa chumbani mwake. Ilikuwa imesukumwa mpaka ikagusana na yake, uso kwa uso. Nyuma yake aliketi mwanamume mwembamba mwenye miwani, anachonga penseli juu ya karatasi ili vumbi lisidondoke sakafuni.

"Karibu," alisema yule mwanamume, halafu akajishtukia. "Samahani. Mwenyeji ni wewe."

Hakuwa na haja ya kujitambulisha. Kwa miaka kumi na sita Bi Namba alikuwa akimjua mtu huyu bila kumtia machoni. Bi Namba alikuwa akitayarisha chati ya nyimbo ishirini bora katika jarida la kijani, lile ambalo watu wa redio na wanamuziki walilisoma kila wiki kujua wimbo gani unapanda na upi unashuka. Huyu bwana alikuwa akifanya kazi hiyohiyo katika jarida jekundu, ng'ambo ya barabara. Watu walimwita Bwana Rula kwa sababu hajawahi kupiga mstari kwa mkono mtupu. Naye Bi Namba jina lilimganda kwa kuwa wanamuziki wakikutana naye dukani hawamsalimii, wanauliza tu, "Mimi namba ngapi wiki hii?" Jina alilopewa na wazazi lilikuwa limebaki kwenye vyeti, na chini ya ile chati.

Kampuni moja ilikuwa imeyanunua majarida yote mawili ndani ya mwezi mmoja. Sasa jarida lilikuwa moja, na jalada lake halikuwa la kijani wala jekundu. Lilikuwa la kahawia, rangi unayoipata ukizivuruga zile mbili, ingawa hakuna aliyethubutu kulisema hilo mbele ya wakubwa.

Siku mbili za kwanza waliongea mambo ya dirisha, lifunguliwe au lifungwe. Siku ya tatu Bi Namba akashindwa kuvumilia.

"Nikuulize kitu, usinichukie."

"Uliza."

"Ule wimbo wa taksi, ulioukalisha namba moja wiki tisa. Kwangu haukuvuka namba kumi na nne. Ulipewa nini?"

Bwana Rula alivua miwani. "Mimi? Miaka yote hiyo nilidhani wewe ndiye uliyepewa kitu ili uushushe."

Walitazamana. Bi Namba ndiye aliyeanza kucheka, Bwana Rula akafuata, halafu wote wawili wakanyamaza kwa pamoja, kwa sababu kama hakuna aliyepewa kitu, basi kulikuwa na jambo jingine lisiloeleweka.

Wakatoa madaftari yao, wakayaweka sambamba. Bi Namba kila Jumatatu alikuwa akipiga simu vituo thelathini na kimoja vya redio na kumuuliza mtangazaji: wasikilizaji wameomba nyimbo gani? Bwana Rula alikuwa akizunguka kwa miguu kwenye maduka kumi na manne ya kanda na sidii akiuliza: watu wamenunua nini? Katika nyimbo ishirini za kila mmoja, zilizolingana zilikuwa sita. Namba moja ya Bwana Rula ilikuwa namba kumi na moja ya Bi Namba. Namba moja ya Bi Namba haikuwemo kabisa kwenye daftari la mwenzake.

"Mmoja wetu amekosea," alisema Bwana Rula.

"Mimi nimehesabu mara mbili."

"Mimi mara tatu."

Bi Namba akavuta simu, akampigia mtangazaji mmoja wa siku nyingi, mwanamke mwenye sauti nzito ambaye wasikilizaji walimwita Shangazi. Akamweleza. Shangazi wala hakushangaa.

"Sasa wewe ulidhani nini? Mtu akiniomba wimbo, anamwombea mama mkwe aliyelazwa hospitali. Anataka wimbo wa kutuliza moyo. Akienda dukani ananunua wa kukatia kiuno. Ni mtu yuleyule, mwenzangu. Ana masikio mawili."

Bi Namba alirudisha simu mahali pake polepole. Miaka kumi na sita alikuwa akiandika juu ya ukurasa wake kwa herufi kubwa: NYIMBO ZINAZOPENDWA ZAIDI. Na ng'ambo ya barabara Bwana Rula alikuwa akiandika maneno hayohayo.

Jioni, mezani, alimsimulia mumewe. Mumewe alikuwa mpima ardhi, mtu wa kurudi nyumbani na matope mpaka magotini na asiyependa habari isiyo na vipimo.

"Mbona rahisi," alisema mume. "Sisi majirani wawili wakija na ramani mbili zinazogombana, hatubishani juu ya karatasi. Tunakwenda shambani tunatafuta jiwe la mpaka. Ramani itakayokubaliana na jiwe ndiyo ya kweli. Nyinyi jiwe lenu liko wapi?"

Bi Namba alitafuna, akameza, akafikiri. "Watu wanapenda nini. Hilo ndilo jiwe."

"Liko wapi? Nionyeshe."

Akanyoosha mkono aonyeshe, mkono ukabaki hewani na kijiko. Mumewe alicheka, yeye hakucheka. Usiku ule usingizi ulimjia kwa shida.

Wiki iliyofuata mkurugenzi mpya aliwaita. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mpole, mwenye tabia ya kumsikiliza mtu mpaka amalize, jambo lililofanya iwe vigumu kumchukia.

"Wazee wangu," alisema, "najua mnahangaika na yale madaftari. Yaacheni. Kampuni ina vituo vyake tisa vya redio, na imenunua mtambo unaosikiliza vituo vyote tisa saa ishirini na nne. Kila wimbo ukipigwa, mtambo unahesabu. Mwisho wa wiki unatoa chati. Hakuna kubahatisha tena, wala hakuna mtu wa kusema fulani kapewa kitu."

"Na vituo vingine?" aliuliza Bi Namba. "Mimi nina thelathini na kimoja."

"Vitaingizwa baadaye."

"Na maduka?" aliuliza Bwana Rula.

"Na yenyewe, baadaye."

"Baadaye lini?"

Mkurugenzi alitabasamu. "Baadaye, mzee wangu. Kwa sasa ninachohitaji kwenu ni saini. Watu wanayajua majina yenu, wanayaamini. Chini ya chati tutaandika 'Imethibitishwa na', halafu nyinyi wawili. Watangazaji wa biashara wamechoka kuletewa chati mbili zinazotukanana. Wanataka moja."

Walitoka pale wakiwa hawajui kama wamepandishwa cheo au wamestaafishwa.

Chati ya kwanza ya mtambo ilikuja Ijumaa, imechapwa vizuri, mistari imenyooka mpaka Bwana Rula mwenyewe akaipapasa kwa kidole. Namba moja ilikuwa wimbo unaoitwa "Ufunguo Uko Wapi."

"Huu unaujua?" aliuliza Bi Namba.

"Siujui. Wewe?"

"Sijawahi kuusikia. Nani kaimba?"

Mahali pa jina la mwimbaji pameandikwa "Kikundi". Basi. Kikundi.

Mtambo ulisema umepigwa mara mia sita na kumi na mbili. Wakapekua daftari la vituo, wakapekua daftari la maduka, kurudi nyuma miaka miwili. Hakuna aliyewahi kuuomba, hakuna aliyewahi kuununua. Lakini ilikuwa Ijumaa mchana, mtambo wa kuchapa jarida unangoja, na mkurugenzi alipita mlangoni mara mbili akitabasamu. Bwana Rula akaweka saini. Bi Namba akaitazama saini ile, imenyooka kama imepigiwa rula, naye akaweka yake pembeni.

Jumatano, chati ikiwa imeshatoka, alikuja Mama Pacha.

Mama Pacha alikuwa mwimbaji. Alipata umaarufu akiwa na watoto pacha mgongoni na kifuani, na ingawa wale pacha sasa walikuwa wanaume wenye ndevu wanaompigia ngoma na besi, jina halikubadilika. Wimbo wake, "Nguo ya Kuazima", ulikuwa namba tatu kwa Bi Namba na namba tano kwa Bwana Rula. Ni mmojawapo wa zile sita walizokubaliana. Aliingia na majarida mawili chini ya kwapa. Bi Namba alijiandaa kwa ugomvi, maana waimbaji walioshuka aliwazoea: huwa wanaanza kwa kupiga meza. Mama Pacha hakupiga meza. Aliketi, akayafungua majarida yote mawili, akayageuza yamtazame mwenyeji wake.

"Bi Namba, dada yangu, sikuja kulalamika. Nimekuja unieleweshe. Toleo la mwisho la kijani, mimi namba tatu. Toleo la kwanza la kahawia, sipo. Sijasema nimeshuka. Sipo. Nimetafuta mpaka namba ishirini, nikageuza ukurasa nikidhani inaendelea, nikakuta tangazo la mabati. Kati ya hapo na hapo ni wiki moja. Nimekosa nini katika wiki hiyo?"

"Hujakosa kitu, Mama Pacha."

"Basi watu wamenichoka?"

"Hapana. Ni kwamba sasa tunahesabu vituo vingine. Yaani, baadhi ya vituo."

"Vilivyokuwa vinanipiga vimeacha?"

"Havijaacha. Ila haviko kwenye hesabu."

Mama Pacha aliliweka hilo sawasawa kichwani. Bwana Rula alikuwa amejifanya anachonga penseli, na penseli ilishakuwa fupi kama kidole gumba.

"Kwa hiyo bado wananisikiliza," alisema Mama Pacha, "ila hawahesabiki."

"Naam. Nadhani."

"Unadhani?"

"Sijui nikuambie nini, dada yangu."

"Jana mwenye ukumbi amenipigia. Kanipa Jumamosi mchana badala ya jioni. Anasema jioni anataka mtu aliyemo kwenye chati. Nikamwambia mbona ukumbi ulijaa mwezi uliopita, ulikuwepo, uliona kwa macho yako. Akanijibu, 'Ndiyo Mama Pacha, niliona, lakini hupo.'" Alicheka kidogo, cheko la mtu anayejaribu kiatu kisicho chake. "Nilidhani wewe utanieleza. Wewe ndiye mwenye namba."

Alipoondoka, aliyaacha majarida yake mezani. Bi Namba alivuta mkoba wake.

"Unakwenda wapi?" aliuliza Bwana Rula.

"Kwenye kituo. Nataka nimwone mtu aliyeupiga huo wimbo mara mia sita. Nimtazame usoni."

Bwana Rula alitia rula kwenye mfuko wa koti. "Tusubiriane."

Vituo tisa vya kampuni vilikuwa kwenye jengo moja, ghorofa ya nne. Walitegemea kelele, watangazaji wanakimbizana na vipaza sauti, wageni wanaongoja kuhojiwa. Walikuta korido ndefu yenye zulia jipya na milango tisa, kila mmoja umeandikwa jina la kituo chake. Walifungua wa kwanza: kiti kimefunikwa plastiki, hakuna mtu. Wa pili hivyohivyo. Katika chumba cha tano kulikuwa na kikombe cha chai kilichokauka, na bado spika ndogo ukutani ilikuwa inaongea, sauti ya mwanamume mchangamfu inawaambia wasikilizaji, "Niko hapa pamoja nanyi!"

"Yuko wapi?" alinong'ona Bi Namba.

"Alirekodi mwezi uliopita," sauti ilijibu nyuma yao. Alikuwa fundi mitambo, mtu wa makamo mwenye bisibisi kifuani na uso wa kukaribisha wageni, maana inaonekana hapati wengi. "Yeye sasa anauza vipuri vya pikipiki. Karibuni, karibuni. Nyinyi ndio wa chati? Nimeona majina yenu!"

Akawapeleka chumba cha mwisho. Ndani mlikuwa na kompyuta moja, feni, na picha ya wanawe imebandikwa kwenye kioo cha kompyuta.

"Vituo vyote tisa vinatokea hapa," alisema kwa fahari. "Kompyuta inachagua nyimbo yenyewe. Mimi kazi yangu ni kuangalia isikwame."

"Inachaguaje?" aliuliza Bwana Rula.

"Inafuata chati. Wimbo ulio juu unapigwa mara nyingi zaidi, ulio chini mara chache."

"Chati ipi?"

Fundi aliwatazama akidhani wanamtania. "Ya kwenu."

Feni ikageuka upande mmoja, ikarudi.

"Ngoja," alisema Bi Namba. "Chati yetu inatoka kwenye mtambo unaohesabu mnachopiga nyinyi."

"Hilo mimi silijui, mama. Mimi naletewa tu."

"Na nyinyi mnapiga kinachotoka kwenye chati yetu."

"Naam."

"Sasa wiki ya kwanza? Chati yetu ilikuwa haijatoka. Wiki ile kompyuta ilifuata nini?"

Uso wa fundi ulichangamka. Hapo palikuwa pake. "Ahaa! Wiki ile nilikuwa najaribu mitambo. Ukitaka vituo tisa vianze na kuisha pamoja, unahitaji wimbo wenye muda uliotimia, bila sekunde za kuning'inia. Nimetafuta siku nzima. Nyimbo zote za hapa ni dakika nne na sekunde kadhaa, dakika tano kasoro, vurugu tupu. Nikaukuta mmoja wa dakika tatu kamili. Sekunde sifuri! Nikauweka ujirudie mchana kutwa, nikichanganya na mingine kidogo. Umenisaidia sana wimbo ule."

"'Ufunguo Uko Wapi,'" alisema Bwana Rula.

"Huohuo! Mnaujua?"

"Nani kauimba?" aliuliza Bi Namba.

Fundi alikuna kichwa. "Ulikuwemo kwenye kompyuta tulipoinunua. Faili limeandikwa 'kikundi'."

Walirudi kwa miguu. Bwana Rula, ambaye maishani mwake alivuka barabara kwenye mistari tu, alivuka katikati ya magari bila kuona. "Dakika tatu kamili," alikuwa akisema. "Dakika tatu kamili."

Bi Namba aliingia moja kwa moja kwa mkurugenzi, akamweleza yote kuanzia mwanzo: fundi, kompyuta, dakika tatu. Mkurugenzi alisikiliza mpaka mwisho, kama kawaida yake, kisha akauliza:

"Umepigwa mara mia sita na kumi na mbili au haukupigwa?"

"Umepigwa."

"Basi mtambo haukudanganya."

"Haukudanganya, lakini hakuna aliyeutaka!"

Mkurugenzi alifungua droo, akatoa rundo la karatasi. "Hizi ni meseji za wasikilizaji tangu Jumatatu. Mia tatu na zaidi. Hebu soma mwenyewe, mama yangu. Wanauomba."

Bi Namba alisoma. Ni kweli, walikuwa wanauomba. Tafadhali nipigieni wimbo wa ufunguo. Nipigieni ule wa ufunguo kwa ajili ya mke wangu. Namba za simu zilikuwepo. Hakuamini, alizipeleka zile karatasi mezani kwake na kuanza kupiga, kama alivyokuwa akipiga Jumatatu zote za maisha yake. Wa kwanza alikuwa muuguzi, akasema anaupenda. Wa pili alikuwa kinyozi, akasema wateja wake wanaitikia kibwagizo wakiwa wananyolewa, mpaka inabidi awaambie watulie. Watu walikuwepo, wanapumua, wanakohoa kwenye simu. Hawakutengenezwa na kompyuta.

Wa tatu alikuwa fundi bomba.

"Samahani, kaka," alisema Bi Namba, "huu wimbo unaupenda, au umeuzoea tu?"

Upande wa pili ukacheka. "Dada yangu, hilo swali hata kwa mke wangu siwezi kulijibu."

Bi Namba akaweka simu chini. Kama mwezi mmoja tu uliopita angempigia Shangazi na Shangazi akamwambia wasikilizaji mia tatu wameomba wimbo huu, angeuandika namba moja bila kusita, na angelala fofofo. Sasa wameuomba kweli. Kasoro iko wapi? Alijua ipo. Aliihisi kama jiwe kwenye mchele, lakini kila alipotafuta kwa ulimi hakuipata.

"Labda hata zamani ilikuwa hivi," alimwambia Bwana Rula. "Labda watu walikuwa wanaomba kile ambacho Shangazi kawapigia."

"Na dukani wananunua kile kilichowekwa mbele," alisema Bwana Rula. Alikuwa na mvi nyingi kuliko siku ile ya kwanza, au ni mwanga wa dirisha. "Nilikuwa nawaona. Mwenye duka akikiweka mbele, kinauzika. Mimi naandika. Sikuwahi kujiuliza nani kakiweka mbele."

"Kwa hiyo tulikuwa tunahesabu nini?"

Bwana Rula alilifunga daftari lake, akasema, "Angalau tulikuwa wawili."

Ijumaa chati ya pili ilikuja. "Ufunguo Uko Wapi," namba moja, mara mia tisa. Bwana Rula alishika kalamu. Bi Namba hakushika yake. Alichukua karatasi, akaandika sentensi moja, akafuta, akaandika tena, akaipeleka kwa mkurugenzi.

"Nitaweka saini," alisema, "kama hii nayo itawekwa chini ya chati."

Mkurugenzi alisoma kwa sauti: "Chati hii inahesabu nyimbo zilizopigwa na vituo tisa vya kampuni moja, na vituo hivyo huchagua nyimbo kwa kufuata chati hii." Akasoma tena, kimya. "Kuna uongo hapa?"

"Hakuna."

"Ndilo tatizo lake," alisema mkurugenzi, na kwa mara ya kwanza alionekana kuchoka. "Mama yangu, unataka kusema chati ni mbaya?"

"Sijui kama ni mbaya. Ningejua ningesema. Nataka kusema ilivyo, basi. Anayejua zaidi yangu aamue mwenyewe."

Mkurugenzi aliiruhusu. Labda ni kwa sababu alikuwa mtu wa kusikiliza mpaka mwisho, labda ni kwa sababu mtambo wa kuchapa ulikuwa unangoja. Ilitoka kwa herufi ndogo mno, chini kabisa, karibu na anwani. Wiki ile hakuna aliyepiga simu kuuliza. Wiki iliyofuata sentensi haikuwepo, na jina la Bi Namba nalo halikuwepo. Bwana Rula alikuwa ameweka saini peke yake. Alimwomba Bi Namba radhi huku akitazama sakafu, akisema amebakiza miaka miwili kabla ya kustaafu. Bi Namba alimwambia hana la kumlaumu, na alishangaa kuona kwamba alimaanisha.

Walimhamishia ukurasa wa barua za wasomaji, chumba cha juu chenye joto. Barua zilikuja za aina mbili. Baadhi ya wasomaji waliuliza nyimbo wanazozisikia kwenye redio za mitaani kwao zimepotelea wapi kwenye chati. Wengine, wengi zaidi, waliomba maneno ya "Ufunguo Uko Wapi" ili wajifunze kuuimba. Aliwajibu wote. Ili kuwajibu hawa wa pili, ilibidi ausikilize wimbo ule kwa makini kwa mara ya kwanza, kalamu mkononi, akisimamisha na kurudisha. Ulikuwa wimbo wa mtu aliyesimama nje ya mlango wake mwenyewe akipapasa mifuko. Ubeti wa pili ulikuwa mzuri. Hilo lilimuudhi.

Jumamosi moja mchana alikwenda na mumewe kumwona Mama Pacha. Ukumbi ulikuwa umejaa nusu, jua linaingia kwenye madirisha ya juu na kuwafanya watu waone haya kucheza. Mama Pacha aliimba "Nguo ya Kuazima", na ile nusu iliyokuwepo iliimba naye tangu neno la kwanza hadi la mwisho. Bibi mmoja mbele alisimama akitikisa leso. Halafu mtu wa nyuma akapaza sauti, "Ufunguo!" Wengine wakaitikia, "Ufunguo! Ufunguo!" Mama Pacha akawatazama wanawe wale pacha. Wakapandisha mabega, kama kusema ni juu yako, mama.

Akauimba. Aliuimba taratibu kuliko redio, akaurefusha, ukafika dakika sita, saba, akamzungusha yule mtu mlangoni mpaka ukumbi mzima ukawa unamtafutia ufunguo. Watu waliacha kuona haya. Mumewe Bi Namba, mpima ardhi, alikuwa amesimama juu ya kiti.

Walipomfuata nyuma ya jukwaa, Mama Pacha alikuwa anajifuta jasho huku anakunja waya za vipaza sauti.

"Usinitazame hivyo," alimwambia Bi Namba kabla hajasema kitu. "Wanautaka. Nifanyeje?"

"Sijakutazama vibaya. Umeuimba vizuri kuliko wenyewe."

"Wenyewe ni akina nani?"

"Hakuna ajuaye."

"Basi leo ulikuwa wangu." Mama Pacha alimrushia ncha ya waya ashike. "Hebu niambie ukweli, dada yangu, maana wewe kazi yako ilikuwa hiyo. Walinipigia makofi mimi, au waliupigia wimbo?"

Bi Namba alikuwa ukumbini tangu mwanzo, amekaa safu ya tatu, ameona kila uso. Alijaribu kukumbuka makofi yalianzia wapi, na kama yeye mwenyewe alikuwa mmoja wao.

"Sijui," alisema. "Kwa kweli sijui, Mama Pacha."

"Haya. Vuta huko, basi, unyooke."

Bi Namba akavuta waya, na mmoja wa wale pacha akaja kuupokea.